Shuka za Zelinda na Nyuki wa Mkuu wa Nchi

Zelinda Muccioli alijifunza kupigania shuka akiwa na miaka sita, ndani ya handaki la reli. Ilikuwa wakati wa vita. Watu wa Italia walipanda kwetu mlimani kwa maelfu wakikimbia mabomu, na jamhuri yetu, ambayo mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuivuka kabla chakula cha mchana hakijaiva, ikawapokea wote ikawalaza popote palipokuwa na paa. Zelinda na mama yake walilala handakini, ubavuni mwa mama mmoja mnene kutoka Rimini ambaye kila akigeuka aliondoka na shuka yao. Mwishowe mtoto alijifunga pindo la shuka kiunoni kwa kamba ya kiatu. Mama wa Rimini alipogeuka tena, akamburura na mwenye shuka.

"Mwizi!" akapiga ukelele Zelinda, na handaki zima likaruka likidhani Wajerumani wameingia.

Vita ikapita, mama wa Rimini akarudi kwao, shuka ikabaki. Na Zelinda akabaki na imani moja ambayo hakuna padri wala mwalimu aliyeweza kumtoa: mtu akikuchezea shuka, usinyamaze.

Alikua, akaajiriwa kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, akachora minara yetu mitatu juu ya sahani za watalii kwa miaka thelathini. Aliweza kuichora huku akigombana na mwenzake wa meza ya pili bila kuinua macho, na mnara haukupinda. Aliolewa na Amato, dereva wa basi, mtu mpole aliyekuwa na majibu mawili tu, "ndiyo" na "haya, ndiyo." Amato alipofariki, na binti yao alipoolewa Rimini, Zelinda alibaki peke yake katika nyumba yao ya Faetano, bondeni, yenye bustani ndogo, kamba nne za kuanikia nguo, na ukuta mfupi wa mawe. Ng'ambo ya ukuta aliishi Elvezio.

Elvezio Zonzini aliuza chakula cha mifugo, na pia alikuwa mjumbe wa Baraza Kuu. Msitishike na cheo. Baraza letu lina wajumbe sitini, na nchi ni ndogo, kwa hiyo kila ukoo una mjumbe wake kama vile kila ukoo una mlevi wake. Chama cha Elvezio kilikuwa kidogo kiasi kwamba wanachama wake wote wangetosha kwenye magari mawili, nao wangegombania kiti cha mbele. Alikuwa mtu mfupi, mkarimu, mwenye sauti ya kengele na kichwa cha ugumu wa jiwe la mlima wetu wa Titano. Alikaa na mkewe Iole, ambaye hakuwa na chama chochote na ndiye aliyekuwa akitawala.

Miaka thelathini majirani hawa waliishi kwa kugombana vizuri. Waligombania tawi la mtini, mfereji wa maji ya mvua, na nani alisema nini siku ya harusi ya nani. Asubuhi waligombana, jioni Iole alipitisha bakuli la maharage juu ya ukuta, na kesho yake wakaanza upya. Kisha Elvezio akanunua nyuki.

Mizinga sita, aliipanga ubavuni mwa ukuta, milango ikitazama bustani ya Zelinda. Wasiofuga nyuki hawajui jambo hili, kwa hiyo nalisema wazi: nyuki ni mdudu msafi sana. Haendi haja nyumbani kwake. Wakati wote wa baridi hujibana ndani ya mzinga, na siku ya kwanza jua linapowaka, hutoka kwa maelfu kwenda kujisaidia kwa jirani. Na siku ya kwanza jua linapowaka, ndiyo siku mwanamke mwenye akili hufua shuka.

"We Elvezio! Toka nje uone walichofanya wanao!"

Elvezio alitoka na kijiko cha supu mkononi. "Wanangu? Mimi na Iole tuna mtoto mmoja, na yuko Bologna."

"Wenye mabawa! Tazama shuka hii. Tazama! Imekuwa kama uso wa kijana mwenye chunusi."

"Hiyo ni chavua, dada Zelinda. Ni baraka ya majira."

"Baraka ina harufu hii? Hebu nusa. Nusa, mheshimiwa mjumbe, usione haya!"

Elvezio alikuwa mtu wa haki. Alinusa. Akafikiri kidogo. "Ina harufu ya akasia," akasema.

Shuka ile mbichi ilimtua usoni kabla hajafunga mdomo.

Mambo yaliendelea hivyo miaka mitatu. Zelinda alifua usiku nyuki wakiwa wamelala, na shuka zikaganda kwa baridi. Alianika chumbani, na chumba kikaota ukungu. Alimwambia Elvezio ageuze milango ya mizinga itazame kwake, naye akajibu kwamba nyuki lazima watazame mawio ya jua, huo ni utaratibu wa Mungu. Zelinda akamwambia ageuze nyumba.

Ndipo yakatokea yaliyotokea. Kwetu wakuu wa nchi ni wawili kwa pamoja, Makapteni Watawala, nao hukaa madarakani miezi sita tu, wasipate muda wa kuota mizizi. Huchaguliwa na Baraza kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Mwaka ule, mwezi wa Machi, vyama viwili vikubwa havikuweza kukubaliana hata kuhusu saa ya kuanza kikao. Nafasi moja walimpa mama mmoja mwalimu, mtu wa heshima zake. Ya pili kila chama kilikinyima kingine, mpaka wakachoka, na mtu mmoja aliyekuwa na njaa akasema, "Basi mpeni Elvezio, hana anayemwogopa." Mafahali wawili walipigana, na safari hii nyasi zikachaguliwa kuwa Mkuu wa Nchi.

Kukataa hakuwezekani, sheria inakataza. Elvezio alirudi nyumbani akiwa mweupe kama unga. Iole alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na kofia yangu ya kuvaa siku hiyo, Baraza limeifikiria?"

Habari ilifika kwenye baa ya Secondo kabla ya Elvezio mwenyewe kuvua koti. Zelinda alikuwa pale akinunua maziwa.

"Zelinda, pole!" akasema Secondo mwenye baa, akijikaza asicheke. "Sasa shuka zako zitapata heshima. Zitanyewa na nyuki wa Mkuu wa Nchi."

"Unaweza kupeleka ombi Jumapili ya Arengo," akasema mzee mmoja aliyekuwa akicheza karata. Alisema kweli. Jumapili ya kwanza baada ya Makapteni wapya kuapishwa, mwananchi yeyote anaweza kuingia Jumba la Umma na kuwapa mkononi ombi lake, na Baraza ni lazima lilijibu. Zelinda alikuwa amekwisha kupeleka matano maishani mwake.

"Nimpelekee nani?" akafoka. "Elvezio? Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Hapana. Mimi nitasubiri. Sheria yetu inasemaje Kapteni akimaliza muda wake? Raia wana siku chache za kwenda kumshtaki kwa alilotenda na kwa alilokosa kutenda. Haya. Atavua lile joho, nami nitakuwa mlangoni na shuka mkononi. Mkinikuta nimesahau, Secondo, niuzie maziwa ya mwaka jana."

Aprili mosi Elvezio aliapishwa. Bendi ilipiga, walinzi wenye koti la kijani na suruali nyekundu walisimama kama vijiti vya kiberiti, na Elvezio alipita uwanjani kavaa joho jeusi la mahameli, glavu nyeupe, na upanga uliokuwa ukimpiga kwenye goti kila hatua. Faetano yote ilikuwa imepanda mjini kumtazama. Zelinda alisimama mbele kabisa. Alikusudia kumkazia macho ya shari. Lakini alipomwona Elvezio akipita mdomo umemkauka, akikanyaga kama mtu anayebeba mayai, alijikuta anamwambia mwanamke aliyekuwa kando yake, "Yule ni jirani yangu," kwa sauti ambayo hakuipenda.

Siku ya tatu jua lilichomoza, na nyuki wakatoka. Zelinda alibeba shuka akaenda hadi geti la jirani. Alikuta askari.

"Nataka kugombana na Elvezio," akamwambia.

"Mama, Mheshimiwa hagombani na mtu," akasema askari kwa adabu. "Ukitaka kumwona, ni lazima umwite Mheshimiwa."

Kelele zilimtoa Elvezio mlangoni. Alikuwa amevaa suti nyeusi saa mbili asubuhi. Wakatazamana. Maneno yake yote mazuri yalikuwa yameandaliwa kwa ajili ya Elvezio, na hapa palikuwa na Mheshimiwa.

"Mheshimiwa," akaanza, na neno likamkwaruza kooni, "nyuki wa Mheshimiwa wameinyea shuka yangu."

Elvezio alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na jibu, tena zuri, limefika kwenye ncha ya ulimi. Kisha akamtazama askari. Mtu wa itifaki kule mjini alikuwa amemwambia kwamba Mkuu wa Nchi hajibizani juu ya ukuta.

"Serikali imesikia," akasema Elvezio, akaingia ndani.

Zelinda aliikunja shuka yake pale getini. Miaka thelathini alikuwa hajawahi kunyimwa jibu. Alirudi nyumbani akaifua ile shuka upya, na siku nzima hakuwa na hamu ya kula.

Aprili ikaisha hivyo, kimya kimya. Nyuki walikunya, Serikali ikasikia. Hata bakuli la maharage halikupita tena ukutani, maana Iole alikuwa na karamu tatu kwa wiki na alikuwa amevimba miguu kwa kusimama.

Asubuhi moja ya Mei, Zelinda akiwa kwenye kamba zake, alisikia mvumo kama wa trekta angani. Nyuki wa mzinga mmoja walikuwa wameamua kuhama. Walizunguka juu ya ukuta kama moshi mweusi, wakapita juu ya mtini, wakashuka barabarani, na wakatua, bumba zima, juu ya gari la Serikali lililokuwa likimsubiri Elvezio. Walining'inia kutoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye kishikio cha mlango wa nyuma, ukubwa wa mkoba wa shule, na walipokosa nafasi wakajaza kibendera cha taifa kilichokuwa mbele ya gari. Dereva alikuwa ndani. Askari alikuwa nje, lakini si kwa muda mrefu. Zelinda alimwona akiruka ukuta wa bustani yake bila kuugusa.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Elvezio na joho, glavu, kofia ya manyoya meupe na upanga. Mjini balozi mmoja alikuwa anamngoja na barua zake za utambulisho. Alipoliona bumba, uso wake uling'aa kama wa mtoto. Akapiga hatua tatu. Nyuki hawapendi nyeusi wala hawapendi manyoya, wanadhani ni dubu. Watatu walikuja kumkagua, akarudi nyuma hatua tano.

"Mheshimiwa, usisogee!" akapiga kelele askari kutoka nyuma ya banda la kuku la Zelinda.

"Nivue joho," akasema Elvezio. "Nipe mavazi yangu meupe, dakika kumi tu, nawashusha."

"Mheshimiwa hawezi kuvua joho barabarani! Itifaki!"

Dereva alishusha kioo cha upande wa pili upana wa kidole. "Samahani, Mheshimiwa, mimi nikiumwa huvimba."

Zelinda alikuwa ameegemea ukuta, mikono imekunjwa. Tangu Aprili hakuwa amejisikia vizuri namna ile. "Mheshimiwa ana shida?" akauliza.

Elvezio alimgeukia. "Dada Zelinda. Nipe shuka nyeupe."

"Shuka nyeupe? Mimi? Waulize nyuki wako kama kuna iliyobaki."

"Dada, nakuomba. Wakikaa pale wataondoka na malkia na sitawaona tena. Ni mzinga wangu bora."

Kama angesema ni balozi, au ni heshima ya taifa, pengine Zelinda angeenda kupika supu yake. Lakini aliomba kama mtu anayeombea wanyama wake. Zelinda alivuta shuka kwenye kamba, ile ile iliyokuwa na madoa ya juzi, akachukua kasha tupu la matofaa na ufagio wa mkono, akajifunga kilemba cha pazia usoni, akatoka barabarani.

"Tandaza chini, chini ya mlango," Elvezio akaelekeza kwa mbali. "Kasha juu yake, liinamishe. Sasa wapangusie chini, polepole. Polepole! Usiwa—"

"Nyamaza, kichwa cha boga!" akafoka Zelinda kutoka ndani ya pazia. "Umeleta wadudu hawa bila akili, umewaweka mahali pasipo na akili, sasa unasimama pale na ule mshikaki kiunoni unanifundisha kufagia? Mimi nilianza kufagia wewe ukiwa unakojolea nepi! Shika lile kasha upande ule! Kwa glavu hizo hizo, zina kazi gani nyingine?"

Nyuma ya banda la kuku, askari alishika kichwa. Dereva alipandisha kioo.

Na Mkuu wa Nchi, joho na upanga, akaja mbio kashika kasha.

Zelinda alipangusa mara moja kwa nguvu. Bumba likaanguka shukani kama uji mzito, likatawanyika, kisha nyuki waliokuwa karibu na kasha wakainua matako wakaanza kupepea, na wenzao wote wakageuka wakaanza kupanda shuka kwa miguu, safu kwa safu, kuingia ndani.

"Malkia kaingia," akanong'ona Elvezio. Alikuwa na machozi, na si kwa sababu alikuwa ameumwa sikioni, ingawa alikuwa ameumwa sikioni. "Umeona wanavyotembea? Zelinda, umeona?"

"Naona," akasema Zelinda, ambaye alikuwa ameumwa kwenye mdomo na maneno yalianza kumtoka mapana. "Wanakanyaga shuka yangu."

Askari alikuja akijipangusa manyoya ya kuku. "Mheshimiwa, huyu mama amemtukana Mkuu wa Nchi hadharani. Ni wajibu wangu—"

"Wewe hukusikia kitu," akasema Elvezio. "Ulikuwa umekimbia."

Alifika mjini kachelewa, sikio limevimba kama andazi. Alimwambia balozi kwamba alizuiwa na shughuli ya malkia. Balozi, ambaye nchi yake ilikuwa na malkia wa kweli, aliinama kwa heshima kubwa na hakuuliza zaidi.

Jumamosi iliyofuata, askari akiwa amekwenda kunywa kahawa, Zelinda alisikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta. Alikuwa Elvezio, na shati la kawaida.

"Dada Zelinda. Mdomo umepoa?"

"Umepoa, Mheshimiwa."

"Usiniite hivyo." Akaketi juu ya mzinga mtupu. "Nikiingia kwa Secondo watu wanasimama. Nikicheza karata wananiachia nishinde, hata yule mzee, ambaye hajawahi kumwachia hata mama yake. Nikisema mvua itanyesha wanaitikia, jua likiwaka. Hata Iole, akikasirika, ananiita Mheshimiwa. Huko ndiko kubaya zaidi." Akachuna jani. "Ile siku ya gari... niliburudika sana. Hebu, kama una nafasi, nitukane kidogo."

"Haiwezekani," akasema Zelinda. "Ni kosa kisheria. Askari kaniambia."

"Kidogo tu. Mfereji. Sema juu ya mfereji."

Zelinda alitazama kushoto na kulia. Kisha akamwambia juu ya mfereji. Alianza kwa sauti ya chini, akapanda, akapita kwa baba yake Elvezio na shemeji yake, akazunguka kwa chama chake, akamalizia na masikio, lililovimba na lisilovimba. Elvezio alisikiliza kafumba macho kama mtu aliye kwenye tamasha la muziki. Mwisho akajibu tusi moja tu, dogo, kuhusu miguu ya Zelinda. Wakaagana kwa amani. Kuanzia hapo, kila askari alipokwenda kunywa kahawa, Mkuu wa Nchi alikwenda ukutani. Na nyuki wakaendelea kunya.

Ndiyo maana watu wa baa walidhani hasira imekwisha. Hawakumjua Zelinda. Oktoba mosi Elvezio alikabidhi joho, akarudi Faetano kwa pikapu yake ya pumba, na kesho yake Zelinda alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi hadi Borgo, chini ya mlima, akapanda gari la kamba, lile linaloning'inia angani, hadi mjini, mkobani ana shuka iliyokunjwa.

Karani wa mashtaka alikuwa kijana wa miwani. Hakuwa na mteja mwingine. Aliitazama shuka iliyotandazwa juu ya meza yake.

"Mama, hii ni... nini?"

"Ushahidi."

"Na shtaka?"

"Kapteni Elvezio, katika muda wake wote, hakugeuza mizinga."

Karani alivua miwani akaifuta. "Mama, ofisi hii inapokea makosa ya Kapteni kama Kapteni. Je, alifuga nyuki kama Kapteni?"

"Alipokuwa Kapteni, nyuki walikunya. Nilimwambia. Akasema Serikali imesikia. Haya, Serikali ilisikia, ikafanya nini?"

Karani alikiri kwamba swali lilikuwa zuri. Alikwenda ndani kumuuliza mkubwa wake, wakasikika wakicheka, wakasikika wakinyamaza, kisha akarudi. "Wanasema nyuki walikuwepo kabla ya cheo na wako baada ya cheo. Kwa hiyo si wa Serikali. Hatuwezi kulipokea shtaka. Samahani sana, mama."

Zelinda alishuka mlima na shuka yake. Alipofika, Elvezio alikuwa ukutani akimngoja. Habari zilikuwa zimemtangulia, kama kawaida kwetu.

"Wamelikataa?" akauliza Elvezio.

"Wamelikataa. Cheka basi, ucheke umalize."

Lakini Elvezio alikuwa mwekundu kama nyanya. "Wana haki gani ya kulikataa? Mwananchi kapanda mlima kwa miguu yake—"

"Kwa gari la kamba."

"—kwa gari la kamba, na karani anamcheka? Mtakatifu Marino alianzisha nchi hii akatuacha huru kwa ajili ya hayo? Jenerali wa Kifaransa alipotaka kutuongezea ardhi bure tulimwambia hapana, asante, sasa tushindwe na kijana wa miwani? Jumapili ni Arengo. Unapeleka ombi. Njoo ndani, tuliandike pamoja."

"Ombi dhidi yako?"

"Dhidi ya yeyote! Ni suala la kanuni!"

Waliliandika jikoni kwa Iole, maharage na ngozi ya nguruwe yakichemka. Ilichukua jioni nzima, maana hawakukubaliana juu ya umbali. Zelinda alitaka mizinga yote ikae mita mia mbili kutoka kamba ya nguo ya mtu yeyote. Elvezio alisema katika nchi yetu ukikaa mita mia mbili kutoka kwa kila mtu uko Italia. Wakapatana hamsini. Ni Elvezio aliyetafuta maneno mazito, "usafi wa kitani cha raia" na kadhalika, naye alijipenda sana alipoyasoma kwa sauti.

Iole alikuwa akimkatia kila mtu mkate wa piada. "Elvezio," akasema, "ukuta wetu uko mita ngapi kutoka kamba za Zelinda?"

"Usituvuruge, Iole, tuko kwenye sheria."

Jumapili Zelinda alilitia ombi mkononi mwa Kapteni mpya, mwanaume mrefu aliyelipokea kwa glavu nyeupe bila kujua alichopokea. Baraza likalipangia siku, likaahirisha, likapanga tena. Lilifika mwezi wa Machi, saa za jioni, wajumbe wamechoka na bajeti. Elvezio aliinuka. Wanasema hakuwahi kuhutubia vile. Alizungumza juu ya shuka, juu ya wanawake waliolala handakini wakati wa vita na shuka moja, juu ya mdogo na mkubwa mbele ya sheria. Mjumbe mmoja alijifuta jicho. Ombi likapita kwa kura nyingi, na ya Elvezio ilikuwa ya kwanza kuinuliwa.

Alirudi Faetano akiimba. Alifika kwenye ukuta wake, akasimama. Iole alimwona kutoka dirishani akipima kwa hatua, kutoka mizinga hadi kamba ya kwanza ya Zelinda. Kisha akapima tena, kwa hatua fupi zaidi.

"Zelinda!" Ilikuwa ile sauti ya kengele, imerudi yote. "Toka nje! Umenifukuzia nyuki!"

Zelinda alitoka na mikono ya unga. "Mimi? Nani aliyehutubia mpaka watu wakalia? Nimesikia redioni! Nani aliyeinua mkono wa kwanza?"

"Ulinidanganya! Ulijua!"

"Nilijua tangu jikoni! Iole alijua! Paka alijua! Wewe tu, mtunga sheria, ndiye hukujua!"

Waligombana hadi giza likaingia, na majirani walioweka viti nje walisema haukuwahi kusikika ugomvi mtamu kama ule tangu kabla ya Aprili ile. Halafu wakanuniana majuma mawili mazima, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Siku ya kuhamisha mizinga Elvezio alikuja na pikapu alfajiri, nyuki wakiwa bado wamelala. Shamba la shemeji yake, alikokuwa akiwapeleka, lilikuwa juu, upande wa Montegiardino, hakuna nguo hata moja. Iole alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo Elvezio alipoinua mzinga wa kwanza hakukuwa na wa kushika upande wa pili. Alizunguka nao kidogo, kama mtu anayecheza dansi na kabati. Zelinda alitoka na gauni la kulalia na koti juu, akapita ukuta bila salamu, akashika.

"Inua kwa miguu, si kwa mgongo," akasema Elvezio.

"Tembea."

Walipakia yote sita. Elvezio alikaza kamba, akaingia kwenye pikapu, akawasha, akazima.

"Utakuja kuwaona?" akauliza, akitazama mbele.

"Mimi? Nyuki wako?"

"Wa ule mzinga wa mwisho ni wa siku ya gari. Wanakujua."

"Jumapili," akasema Zelinda. "Nikipata usafiri."

"Nitakupitia saa tatu. Usichelewe, mimi sikai kusubiri mtu."

"Utasubiri," akasema Zelinda, akarudi zake ndani kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumganda kwa umande.